Chini viwekwe vitu, juu wakae watu

(Haya ni maneno niliyosema mbele ya mkutano wa wenye nyumba, wapangaji na mafundi hapa Tudor, kwenye kisiwa cha Mombasa. Wengi hawakufika kwa sababu ya mvua, wakaniomba niyaandike yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Asalaam alaykum, na wenye salamu nyingine, hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Mwenyekiti amenipa saa moja. Kazi yangu ni kukadiria gharama za ujenzi, na mkadiriaji ukimpa saa moja atakuletea mahesabu ya saa tatu. Nikizidi, mnivute shati.

Barua ya mwaliko ilikuwa na swali moja: kisiwa kimejaa, juu tunazuiwa, je, tuchimbe? Yaani tuanze kujenga besmenti, orofa za chini ya ardhi, tuishi humo, tupangishe humo. Swali zuri, na najua kwa nini limeulizwa. Kuna kijana hapa ameoa mwaka jana na bado analala kwa wazazi wake. Kuna mama hapa kodi imepandishwa mara mbili. Lakini jamani, hakuna mtu duniani anayechimba kwa sababu anapenda kuchimba. Mtu huchimba kwa kuwa ardhi imemlazimisha, au kwa kuwa sheria imemzuia kwenda juu. Tukilijua hilo, tutajua pia sisi tuko upande gani.

Nianze na ardhi.

Mnapoangalia sinema za Marekani na Kanada mnaona kila nyumba ina chumba cha chini. Mtoto kaweka ngoma zake huko, baba kaweka msumeno wake. Mnadhani wale ni matajiri kutuzidi ndiyo maana wakachimba? Wale wamelazimishwa na baridi. Maji yaliyomo udongoni huganda wakati wa baridi, yakiganda yanatanuka, na yakitanuka yanainua msingi na kupasua nyumba. Basi msingi lazima ushuke chini ya pale baridi inapofika. Toronto ni kiasi cha mita 1.2, kwingine ni zaidi. Sasa ukishachimba mita 1.2 kuzunguka nyumba yote, na tingatinga tayari liko pale, kuongeza mita nyingine moja gharama yake ni ndogo. Unapata orofa nzima kwa bei ya kumalizia shimo.

Sisi hapa baridi ya kugandisha udongo tumeiona wapi? Fundi wetu akishuka mita moja akagonga jiwe, anamshukuru Mungu na kuanza kumwaga zege. Kila futi tutakayoongeza kutoka hapo tunailipa yote, na tunailipa kwenye mwamba.

Na mwamba wenyewe ni upi? Ni matumbawe. Kisiwa hiki chote kimekaa juu ya matumbawe ya kale. Yana sifa moja nzuri: yanachongeka. Nendeni Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Msiangalie kuta peke yake, angalieni handaki lililoizunguka upande wa nchi kavu. Lile lilichongwa ndani ya jiwe lenyewe, kwa mkono, na mpaka leo limesimama wima bila nguzo hata moja. Kwa hivyo msije mkaambiwa kwamba Mombasa haichimbiki. Inachimbika.

Ila matumbawe yana tundu. Yana tundu kama sponji la kuogea, na upande wa pili wa sponji ni Bahari ya Hindi. Wachimbaji wa mawe ya saruji kule Bamburi, walioanza kazi mwaka 1954, walichimba mpaka wakakaribia maji, na yale maji hayakuwa matamu. Ndiyo maana walipotaka kuyarudishia yale machimbo uhai kuanzia mwaka 1971, mti uliokubali kwanza ni mvinje, kwa sababu mvinje huvumilia chumvi. Leo mnapeleka watoto Haller Park kuona kiboko, na kiboko yumo ndani ya bwawa pale ambapo zamani palikuwa na mlima wa jiwe. Shimo lolote refu la pwani mwisho wake ni bwawa.

Niwape kisa. Nilikuwa kwenye mjengo mmoja upande wa kisiwa unaotazama Kilindini. Mwenye mali, mtu mwenye uwezo wake, alitaka orofa mbili chini ya ardhi. Tukachimba. Asubuhi shimo kavu, fundi kapanga mbao zake chini tayari kwa kazi. Tukaenda kula. Tuliporudi mbao zinaelea. Kontrakta akakimbilia kupiga simu kwa watu wa maji, akidhani bomba limepasuka. Kijana mmoja akachota maji kwa kiganja akaonja, akatema. Chumvi tupu. Na pale nje alikuwa amesimama mzee mvuvi, kikapu begani, anatuangalia tu. Akauliza, "Leo bamvua, kwani hamjui?"

Mainjinia wawili, kontrakta mmoja na mkadiriaji mmoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama mwezi.

Nyinyi watu wa pwani mnaelewa: wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na karibu na ufuo maji yaliyomo ndani ya jiwe hupanda na kushuka nayo. Pale tukatia pampu. Pampu inataka stima. Stima ikipotea inataka jenereta. Jenereta inataka dizeli. Na hata ukiyazuia maji yasionekane yakiingia, chumvi huingia polepole kupitia zege mpaka kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, ikivimba inapasua zege kutoka ndani, na ufa huo ukiuona kwa nje ujue ugonjwa ni wa siku nyingi. Yule bwana mwishowe akajaza kifusi orofa ya chini kabisa, akabaki na ile ya juu yake. Alilipa kuchimba, akalipa kuyatoa maji, kisha akalipa kufukia. Mimi niliandika hesabu zote tatu.

Mnanisikia huko nyuma?

Na kuna jambo ambalo wachoraji wa ramani kutoka bara hulisahau kila mara. Watasema chini ya ardhi kuna ubaridi. Kweli, kwao. Ardhi ukishuka kidogo hubaki na joto la wastani wa mwaka mzima. Mahali ambapo wastani ni digrii 12, chini ni friji. Wastani wa Mombasa ni kama digrii 26. Ukishuka chini utakuta digrii 26 zile zile, bila upepo, na unyevu juu yake. Hapa kwetu kinachopoza nyumba ni kaskazi na kusi, na upepo haushuki shimoni. Babu zetu walilijua hili wakaweka madirisha marefu na sebule za juu. Kumlaza mtoto chini ya ardhi Mombasa mwezi wa pili, huko ni kumpika.

Haya, ardhi haitulazimishi kuchimba. Imebaki sheria.

Mnadhani sheria za kimo cha majengo zilianzaje? Mji ambao watu hupenda kuutolea mfano ni Washington, makao makuu ya Marekani. Watu husimulia kwamba kule hakuna majengo marefu kwa sababu ilikatazwa kulizidi jengo la bunge lao. Masimulizi matamu, lakini sivyo. Mwaka 1894 ilijengwa nyumba ya kupangisha iliyoitwa Cairo, kimo chake futi 164, katikati ya mtaa wa nyumba fupi. Majirani wakapiga kelele. Wazima moto nao wakawa na hoja ya maana: ngazi zao hazifiki huko juu, moto ukiwaka watu wa juu watafia humo. Ikaja sheria ya mwaka 1899, kisha ya 1910 inayotumika hadi leo. Kanuni yake ni rahisi mpaka inapendeza: kwenye barabara za biashara, kimo cha jengo kisizidi upana wa barabara iliyo mbele yake ukiongeza futi 20. Na kuna kikomo cha juu, futi 130 kwenye barabara nyingi za biashara na futi 90 kwenye mitaa ya makazi.

Hoja ya moto ilikuwa ya kweli. Sasa tazameni kilichofuata. Lifti zikaboreka, pampu za maji zikaja, milango ya kuzuia moto ikaja, lakini kikomo kikabaki pale pale. Watu wakazidi kuja. Basi ukivuka tu mto Potomac, upande wa Virginia, unakuta mahali panaitwa Rosslyn pamejaa minara. Kila kilichokatazwa upande huu kimeota upande ule. Maji hufuata mkondo.

Mimi nikiiona picha ya Rosslyn namkumbuka mtu wa Likoni, ng'ambo ya kivuko. Kwa nini kila alfajiri watu wote wale wamebanana kwenye feri? Kazi ziko kisiwani, nyumba wanazozimudu haziko kisiwani. Yule dada anayeuza duka Mackinnon, yule askari wa lango kule Ganjoni, wangepanga Makadara au Tudor kama zingekuwepo nyumba za kutosha. Hazikuwepo, wakavuka. Kimo cha jengo kinaandikwa kwa mita, lakini anayekilipa hukilipa kwa saa za usingizi wake.

Kuna mji mwingine unaofanana nasi zaidi: Mumbai. Nao ni kisiwa kilichounganishwa na bara, nao una bandari, na nusu ya wafanyabiashara wa hapa mna jamaa huko. Kule tangu mwaka 1964 hawahesabu orofa tu, wanahesabu eneo la sakafu zote pamoja wakiligawa kwa eneo la kiwanja. Miji mikubwa huiachia namba hiyo ipande katikati ya mji, penye treni na kazi. Mumbai ikafanya kinyume: mwaka 1991 kisiwa chote kikawekewa 1.33. Maana yake ukiwa na kiwanja cha mita 300 za mraba, sakafu zako zote zikijumlishwa zisizidi mita 400 hivi. Nia ilikuwa njema, kupunguza msongamano. Je, watu walipungua? Walijibana vyumbani, wengine wakahamia mbali huko Virar, karibu kilomita 60 kutoka kituo cha Churchgate, na kila asubuhi wananing'inia mlangoni mwa treni. Baadaye wakubwa wa mji wakaanza kuuza ruhusa ya kuzidisha ile namba. Sheria iliyowekwa kupunguza watu ikageuka kuwa bidhaa.

Tusiwacheke. Sisi tuna vikomo ambavyo havijaandikwa popote.

Nendeni mtaa wa Majengo. Nyumba ya Kiswahili mnaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uwani nyuma. Nauliza wazee wangu, kwa nini nyumba hizi zilibaki za chini miaka yote hiyo, ilhali ziko hatua chache kutoka katikati ya mji? Mafundi walikuwepo. Wapangaji walikuwepo, chumba hakikai wazi wiki. Ni kwa sababu ya nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba ni wewe, mwenye kiwanja ni mwingine, na kila mwezi unampelekea kodi ya ardhi. Namkumbuka mzee mmoja aliyetaka kuinua orofa moja tu kwa ajili ya wanawe. Alikuwa na fedha, mbao ameshanunua. Mwenye ardhi akamwambia, "Chokaa na udongo sikukatazi. Ukitia zege, kesho utasema ardhi ni yako." Basi. Mzee akauza mbao zake, na wanawe wakapanga Kisauni.

Kile nacho ni kikomo cha kimo. Hakina mchoro wala muhuri, na kimefupisha nyumba nyingi Mombasa kuliko afisa yeyote wa mipango. Mtu akija kwenu na hotuba ya maghorofa bila kutaja hati ya ardhi, mwacheni amalize chai yake aende.

Na Mji wa Kale je? Hapa najua nitagusa watu, kwa hivyo nitasema polepole. Ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Fort Jesus ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Mimi nakubaliana na kuzuia minara mle. Lakini kuna desturi yetu mle ndani ambayo mzuiaji lazima aijue. Binti akiolewa, baba humpa mahali pa kukaa, mara nyingi orofa juu ya orofa. Nyumba ilikua kadiri mabinti walivyokua. Kibokoni na Kuze mtakuta jumba moja lina umri wa aina tatu: chini jiwe na chokaa na boriti za mikoko, juu yake matofali, juu kabisa bati. Mle kuna mama, binti na mjukuu. Ukisema hapana kuongeza hata orofa moja, umelinda ukuta, na umemwambia yule mjukuu atafute mume mwenye nyumba Mtwapa.

Sasa chukueni ile kanuni ya Washington tuijaribu hapa. Futi 20 ni kama mita 6. Kichochoro cha Mji wa Kale kina upana wa mita 2. Mbili na sita ni nane. Mita 8 ni sakafu ya chini na orofa moja na nusu hivi juu yake, karibu sawa na walivyojenga wazee wenyewe bila kuulizwa na mtu. Nendeni sasa kwenye barabara yenye upana wa mita 20, tunazo kadhaa kisiwani. Ishirini ukiongeza sita ni mita 26. Hizo ni orofa nane. Kanuni ile ile inakilinda kichochoro na inaifungua barabara kubwa, tena gari la zima moto linapita na mwanga unafika chini. Sisemi tuinakili ilivyo. Nasema kimo kifuate upana wa barabara, mabomba na njia za ndege. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina neno lake, nayo tuiheshimu, hakuna anayetaka ndege ya Port Reitz iguse tangi lake la maji. Kimo kisifuate nani anamjua nani.

Tumefika kwenye besmenti yenyewe.

Ukimzuia mtu mwenye fedha kwenda juu, atakwenda chini. London ndiyo shule yake. Mitaa ya Kensington na Chelsea ina nyumba za zamani zisizoruhusiwa kuinuliwa. Matajiri wakaanza kuchimba: orofa moja, mbili, tatu, nne. Bwawa la kuogelea, ukumbi wa sinema, gereji ya magari ya fahari. Juu nyumba ni ya kawaida, chini ni kubwa kuliko juu. Majirani wakaishi miaka na vumbi na malori ya udongo, na nyumba za ubavuni zikapata nyufa. Mwaka 2015 baraza la mtaa likaweka mpaka: orofa moja tu chini, na isizidi nusu ya bustani. Sasa niulize: kuchimba kote kule kulimpa nyumba mpangaji gani? Hakuna hata mmoja. Waliongeza nafasi kwa waliokuwa nayo tayari.

Na ukimzuia maskini kwenda juu? Naye atakwenda chini, lakini hatakwenda kuogelea. New York wana sheria inayotofautisha orofa iliyozama ardhini pungufu ya nusu ya kimo chake na iliyozama zaidi ya nusu. Iliyozama zaidi haihesabiwi kwenye ukubwa wa jengo, na kwa miaka mingi haikuruhusiwa kupangishwa kama nyumba. Lakini kodi za juu zimepanda, wageni wanaingia kila siku, na mwenye nyumba ana chumba cha chini kimekaa tu. Mtafanya nini? Wanapangisha kimyakimya. Tarehe 1 mwezi wa Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yalifika mji ule usiku. Ndani ya saa moja ikanyesha mvua ya milimita 80 kwenye bustani ya Central Park. Watu 11 wakafa maji ndani ya vyumba vya chini, wengi wao mtaa wa Queens. Maji yalipojaa ngazini mlango haukufunguka, kwa sababu mlango ukisukumwa na maji ya kimo cha kiuno, mtu mzima hauwezi.

Nyinyi mnaijua mvua ya Mombasa. Mnajua barabara zetu zinavyokuwa masika ikishika. Mnajua mifereji imeziba na nini. Halafu tuweke watu chini?

Kwa hivyo jibu langu kwa barua ya mwaliko ni hili. Tuchimbe, ndiyo, kidogo. Chini viwekwe vitu, juu wakae watu. Kisiwa cha Singapore kimefanya hivyo kwa ukubwa wake: mwaka 2014 walifungua mapango ya Jurong, yaliyochongwa ndani ya mwamba chini ya bahari, wakahifadhi mafuta humo. Matangi yale yangekaa juu yangekula ardhi. Na juu wakajenga nyumba za umma, nyingine orofa 50. Mafuta hayahitaji dirisha.

Sisi hatuna mafuta, tuna magari na maji. Tufanye hesabu, mtu asitoke hapa akasema nilihubiri tu. Chukueni kiwanja cha hamsini kwa mia, futi. Hicho ni kama mita za mraba 465. Tuseme kimenunuliwa shilingi milioni 20, na tuseme unajenga nusu yake, sakafu ya mita 230, zinatoka nyumba nne ndogo kila orofa. Umeruhusiwa sakafu nne kwa jumla, na umetakiwa maegesho. Gari moja na njia yake ya kugeuzia linakula mita 25 mpaka 30. Basi sakafu nzima ya chini imekwenda kwa magari manane. Magari manane yamekaa mahali pa familia nne. Zimebaki sakafu tatu, nyumba 12, na kila nyumba imebeba shilingi 1,670,000 hivi za ardhi kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji.

Sasa zamisha magari nusu. Nasema nusu: mita 1.2 chini ya barabara, mita 1.2 juu yake. Kama sheria haitaihesabu sakafu hiyo kuwa orofa, sakafu zako nne zote ni za watu. Nyumba 16. Ardhi inashuka mpaka 1,250,000 kwa kila nyumba. Na kama barabara yako ni pana ukaruhusiwa sakafu sita, nyumba ni 24 na ardhi ni kama 830,000. Hapo lifti imeingia, na lifti haiji bure. Ndiyo maana wajenzi wengi husimama orofa ya nne. Lakini lifti ikigawanywa kwa nyumba 24 inabebeka, ikigawanywa kwa 16 inauma.

Ukishuka mita 1.2 mara nyingi hufikii maji ya bamvua, maana sehemu kubwa ya kisiwa imeinuka kuliko hapo. Kwenye ufuo wa chini, pimeni kwanza, na mpime siku ya mwezi mpevu. Ile nusu ya juu inapitisha upepo wa kutoa moshi wa magari bila feni. Na nyumba ya kwanza inaanza juu ya barabara, kwa hivyo maji ya mvua yakija yatakuta magari, hayatakuta kitanda. Mlango wa gari uwe na tuta la kuzuia maji ya barabarani. Bodi ya stima, mita na jenereta visiwekwe chini kamwe. Mzee asiyeweza ngazi awekewe mteremko.

Tangi la maji nalo likae chini, kwa sababu sote tunaishi kwa mgao, na siku maji yanapofunguliwa presha haifiki juu. Ila hapa nawaomba mnisikilize kuliko pote nilipoongea. Mombasa nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Tuna makaro, yaani mashimo ya maji taka. Karo lako likiwa kwenye jiwe lenye tundu, halikai kwenye kiwanja chako. Linasafiri. Nimeona mchoro, umepigwa muhuri, karo na tangi la maji safi vimepakana ukuta kwa ukuta chini ya jengo moja, orofa za kutosha juu yake. Nilipouliza, nikaambiwa nafasi ilikuwa finyu. Kipindupindu hakiulizi nafasi. Kwa hivyo nikisema orofa ziongezwe, sisemi ziongezwe juu ya karo lile lile la baba yako la vyumba sita. Mabomba kwanza mtaa huo, au mtambo wa kusafisha ndani ya kiwanja, kisha kimo.

Mtaona ubao umewekwa kwenye kiwanja cha jirani kutangaza jengo jipya, na mnayo haki ya kupeleka maoni. Mara nyingi huwa tunaandika jambo moja tu, "ni refu mno." Safari nyingine ulizeni barabara ina upana gani. Ulizeni maji machafu yanakwenda wapi, na tangi liko umbali gani kutoka hapo. Ulizeni ile sakafu ya chini imechorwa maegesho, lakini mbona ina madirisha na vyoo vinne? Hilo la mwisho halikosi kumbabaisha mtu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, kipaza sauti kipelekwe kule nyuma, yule bwana wa kanzu ameinua mkono tangu nilipotaja karo, na nadhani anaishi jirani na mwenye mchoro.